Ukingo wa Sukari: Habari za Mlimani

Visiwani mtu husema "nina sukari" na aliyeambiwa akafahamu. Bara husema "kisukari", na hilo ndilo lililoshika vitabuni na hospitalini. Lakini kisukari ni jina la ndizi pia: ile fupi yenye ganda jembamba, iliwayo mbivu, inayouzwa Darajani kama inavyouzwa soko la Mbuyuni mjini Moshi. Mpenda maneno hawezi kupita hapa bila kusimama. Kiambishi ki- aghalabu hudogosha: kitoto, kijumba, kijito. Basi kisukari kingekuwa sukari ndogo, hali maradhi yenyewe ni ya sukari kuwa nyingi mno katika damu. Lugha imefanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu anapotaja jambo la kutisha: imelipunguza kimo.

Ninachotaka kukizungumza si kisukari chenyewe, bali jirani yake asiye na jina. Ipo hali ya mtu ambaye sukari yake imepanda kupita kiwango cha uzima, lakini haijafika pale ambapo tabibu huiita maradhi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, aliyefunga tangu usiku akapimwa asubuhi na kukutwa na milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, yu katika kisukari. Aliye kati ya 6.1 na 6.9 yu katika hali hiyo ya kati. Wamarekani ni wakali zaidi, nao tangu mwaka 2003 wanaianzia 5.6. Ama akinyweshwa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa katika maji, akapimwa baada ya saa mbili, kati yake ni kuanzia 7.8 hadi 11.0. Mtu huyo haumwi. Hana kiu isiyokwisha, haamki usiku mara tano, wala hakondi. Analima, anasali, anaoza binti. Hakuna kinachomjulisha hali yake isipokuwa tarakimu.

Na tarakimu ni jambo la juzi. Watu wa kale waliyajua maradhi ya sukari kwa ulimi na kwa wadudu. Matabibu wa Bara Hindi waliyaita madhumeha, yaani mkojo wa asali, baada ya kuwaona sisimizi wakiukusanyikia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja utamu huo katika Kanuni yake. Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alichapisha habari za mkojo aliouchemsha hadi ukakauka, akabaki na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Stanley Benedict akatengeneza dawa ya buluu ambayo, ikichemshwa pamoja na mkojo, hubakia buluu kwa asiye na sukari, na kwa mwenye nayo hugeuka kijani, manjano, rangi ya chungwa, hadi wekundu wa tofali kwa kadiri ya wingi wake. Waliofanya kazi katika maabara za hospitali zetu zamani wanaikumbuka rangi hiyo ya tofali.

Ila figo hazimwagi sukari mpaka damu ifike takriban milimoli 10. Chini ya hapo huirudisha yote mwilini kama bahili anayeokota punje sakafuni. Kwa hiyo mtu wa hali ya kati, asubuhi kabla hajala, sisimizi hawamwendei, na dawa ya Benedict hubakia buluu kama bahari ya kaskazi. Maelfu ya miaka ya utabibu ilipita bila ya kumwona. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970, mwaka 1979 Marekani na 1980 katika Shirika la Afya Duniani, ndipo wakuu wa fani walipokubaliana kumtengea fungu lake. Fungu hilo lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi lilipoanza kuhesabiwa katika vijiji vya Tanzania, na Kilimanjaro ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo.

Msomaji wa pwani ambaye Kilimanjaro kwake ni picha ya theluji kwenye chupa ya bia, avumilie kidogo nimpandishe mlimani. Theluji ni ya watalii. Watu wako chini yake, katika ukanda wa kijani unaozunguka kusini na mashariki: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mwika, hadi Rombo. Hapo kila ukoo una kihamba chake, shamba la kurithi lenye nyumba katikati, migomba juu, mibuni chini yake, magimbi na maharage chini zaidi, na ng'ombe wawili watatu wakifugwa zizini. Maji hufika kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, nayo hugawanywa kwa zamu. Tambarare ya chini ndiyo ya mahindi na ulezi, na ndiko yalikotoka majani ya ng'ombe. Nayo hayakupandishwa na gari bali na vichwa vya wanawake.

Chakula ni ndizi. Si kisukari, bali ndizi za kupika, na bora yao mlimani ni mchare. Hapa watu wa visiwani tuna haki ya kujivuna kidogo. Wachunguzi wa nasaba za mimea wameona kwamba mchare ni jamaa wa karibu sana wa mlali, ndizi ya Komoro, Madagaska na Zanzibar, na kwamba damu ya ukoo huo imo hata katika ndizi za manjano zinazojaa maduka ya Ulaya. Migomba haina asili Afrika. Ilivuka bahari kutoka Asia. Kwa hiyo chungu cha Mchagga na chungu cha Mngazija vina nyanya mmoja, na huenda nyanya huyo alishuka jahazini.

Ndizi hizo hupikwa na nyama zikawa mtori, apewao mzazi ili arudishe nguvu. Hupikwa na maharage zikapondwa zikawa kiburu. Mbivu zake huchemshwa, zikachanganywa na kimea cha ulezi na ukali wa gome la msesewe, zikawa mbege, pombe ya posa, ya matambiko na ya kusuluhishana. Petro Itosi Marealle wa Marangu alipoandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947, alikuwa akiandika habari za watu ambao maisha yao yote, tangu kuzaliwa hadi matanga, yalipita chini ya mgomba. Mtu yeyote anayekuja na orodha ya vyakula vilivyokatazwa ajue kwamba anagusa zaidi ya tumbo.

Sukari ya dukani ilipanda mlimani pamoja na fedha ya kahawa. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema ndio wanaotajwa kuipanda kahawa hapo mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake lingali juu ya jengo lake mjini. Fedha ya kahawa ilijenga shule na mapaa ya bati. Ilileta pia chai, mkate na kilo ya sukari. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1930, chini ya mlima, Arusha Chini, Mdenmark A. P. Møller alianzisha shamba la miwa la Tanganyika Planting Company, ambalo mpaka leo watu huliita TPC. Mtu akisimama Kibosho jioni yenye anga safi huyaona mashamba hayo yametandikwa kule chini. Bara na visiwani kuna watu wengi wanaonunua sukari ya mbali; Mchagga anaitazama ya kwake ikikua.

Basi wanasayansi walikuta nini? Mwaka 1989 jarida la Lancet la London lilichapisha kazi ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Dakta Andrew Swai, ambaye baadaye aliongoza Chama cha Kisukari Tanzania. Walipima watu 6,299 wa miaka 15 na zaidi katika vijiji sita vya Tanzania, vyenye ardhi, kipato na vyakula tofauti. Wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Dunia ilikisoma hicho, ikasema: Afrika ya vijijini haina kisukari. Lakini katika karatasi hiyo hiyo kulikuwa na tarakimu nyingine. Waliokuwa katika hali ya kati walikaribia wanane katika kila mia. Kwa kila mgonjwa mmoja walikuwepo takriban tisa waliosimama mlangoni, nao walitoka pale walipopimiwa wakarudi mashambani.

Katikati ya miaka ya 1990 wakachunguza tena, safari hii wakilinganisha kijiji cha Shari, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mtaa wa Ilala, Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Ilala, kisukari kilikaribia sita katika mia kwa wanaume na kwa wanawake. Shari kilikuwa kati ya mmoja na wawili. Kisha, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mjini Moshi na pembezoni mwake, wakapata kisukari asilimia 5.7 na hali ya kati asilimia 21.7. Vipimo vilivyotumika havikuwa vilevile, kwa hiyo si haki kuziweka tarakimu hizi katika mstari mmoja kama shanga. Hata hivyo mtu mmoja katika kila watano si jambo la kufumbia macho.

Wako wanaosema ni ndizi. Siafiki. Ndizi zilikuwepo Shari, na Ilala hazikuwa nyingi kiasi hicho. Tena ndizi mbichi na mbivu si kitu kimoja: katika mbichi kuna wanga mwingi, na sehemu yake tumbo huishughulikia polepole, inapoiva wanga hugeuka sukari. (Mshairi wa pwani atacheka: wanga kwetu ni hao watembeao usiku uchi. Nao pia hugeuka.) Kiburu, chenye maharage ndani yake, huinua sukari ya damu polepole kuliko ndizi peke yake, kwani kunde zote zina tabia hiyo ya kumtuliza mwenziwe chunguni. Mbege ni shauri jingine, kwa kuwa imebeba sukari na ulevi pamoja. Na uji wa ulezi, unaosifiwa sana siku hizi, nao ni unga. Kikombe kimoja si sawa na vitatu, khasa ukitiwa sukari.

Kilichobadilika zaidi ni miguu. Yule mwanamke aliyeshuka tambarare alfajiri na kupanda na mzigo wa majani kichwani alikuwa akiichoma sukari yote ya chakula cha jana kabla ya jua kuwaka. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapozembea. Leo vihamba vimegawanywa hadi vikawa viwanja, ng'ombe wamepungua, bodaboda inampandisha mtu mpaka mlangoni, na mchana kuna chipsi mayai. Sembe na wali mweupe vimeshika nafasi ya ndizi katika nyumba nyingi kwa sababu hupikika upesi. Hakuna aliyetenda kosa. Mama aliyepumzishwa mzigo wa majani amepumzishwa dhiki, na sitaki kumsikia mtu akimsifia mzigo huo ambaye hajaubeba.

Je, aliye katika hali ya kati aweza kurudi? Hili lilijibiwa mbali na hapa. Katika mji wa Da Qing, China, tangu mwaka 1986, watu wa hali hiyo waligawanywa kwa mafungu, wengine wakabadili chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Taarifa ya mwaka 1997 ilionyesha kwamba mafungu yote matatu yalipungukiwa na kisukari kuliko walioachwa walivyo. Marekani mwaka 2002, katika watu 3,234, waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walikikwepa kisukari kwa asilimia 58 zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa metformin, kwa asilimia 31. Miguu iliishinda dawa. Dakika 150 kwa wiki, kwa watu wa Kilimanjaro wa kizazi kilichopita, zilikuwa asubuhi moja.

Sasa nifike kwenye kile kimashine. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa kijikaratasi kilichobadilika rangi kikiguswa na tone la damu. Karibu na mwaka 1970 ikatoa mashine ya kuisoma rangi hiyo, yenye uzito unaopita kilo moja, na haikuuzwa ila kwa madaktari. Mhandisi mmoja mwenye kisukari, Richard Bernstein, aliipata kwa kuwa mkewe alikuwa daktari, akaanza kujipima mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Wakubwa wa fani hawakumsikiliza. Ni mwaka 1978 ndipo madaktari wa Uingereza walipochapisha habari za wagonjwa wao wanaojipima nyumbani, na mlango ukafunguka. Leo mashine hiyo huingia mfukoni, na maduka ya dawa ya Moshi huiuza pamoja na vikopo vya vijikaratasi vyake.

Kwa mtu wa hali ya kati madaktari wengi hawalazimishi kujipima kila siku. Humwambia apimwe hospitalini angalau mara moja kwa mwaka. Sababu ni gharama, na pia wasiwasi, kwani kuna watu ambao tarakimu huwakosesha usingizi. Lakini nimeona matumizi mengine ya mashine hiyo, yanayofanana zaidi na kazi ya mtu wa kamusi: kulijua kila neno kwa athari yake. Uru nilimkuta mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na ushei, aliyeambiwa miaka kadhaa nyuma kwamba sukari yake imepanda ila si kisukari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono kwanza, kisha uone."

Mikono ilikuwa sehemu ya somo. Aliyemenya ndizi mbivu akajichoma kidole bila ya kunawa hupima sukari ya ganda, si ya damu yake, na tarakimu humtia hofu bure. Hujichoma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache. Kikopo hufungwa mara moja, kwa sababu unyevu na joto huviharibu vijikaratasi. Jambo hilo sisi wa pwani twalihitaji zaidi yake. Ubaridi na urefu wa mlima nao hudanganya mashine, lakini ni kule juu wanakopanda wageni. Uru si juu kiasi hicho.

Daftari lake lina mistari kama la mahudhurio: tarehe, alichokula, alichofanya, tarakimu kabla ya kula na nyingine saa mbili baadaye. Sahani ya wali iliyojaa na chai ya sukari: 6.2, kisha 10.4. Wali nusu yake, na mchicha na maharage: 8.3. Kiburu, kisha kupanda kwa dada yake na kurudi: 7.1. Ndizi kisukari mbili baada ya chakula: 9.6, moja, saa ya alasiri: 7.9. Tarakimu hizo ni za mwili wake, na jirani yake angepata nyingine.

"Daktari aliniambia nipunguze wanga," akasema. "Mwanangu, wanga ndio mlima wenyewe. Nikauliza: upi, kiasi gani, na saa ngapi? Hakuwa na nafasi ya kunijibu. Hiki ndicho kinachonijibu."

Huko hospitalini kipo kipimo kingine, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, nacho hakihitaji mtu kufunga. Asilimia 5.7 hadi 6.4 ndiyo hali ya kati kwa hesabu ya Marekani. Mwenye upungufu wa damu au selimundu amkumbushe tabibu, kwa kuwa kipimo hicho huegemea chembe nyekundu, na zikiwa na hitilafu hakisemi kweli. Kwa watu wa pwani, wengi wetu tukiwa na urithi wa selimundu, tahadhari hiyo si ya pembeni.

Narudi kwenye jina, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilipoombwa kutafsiri karatasi ya maelezo kwa wagonjwa, nilikuta yanayotumika ni mawili. "Kisukari cha awali" humwambia mtu kwamba tayari anacho. Nimesikia kwamba wako wanaokwenda nyumbani wakajilaza kitandani kungoja kukatwa mguu. "Kabla ya kisukari" ni afadhali, lakini kabla ni neno la ratiba: kabla ya adhuhuri, adhuhuri haina budi kuja. Waliobadili mwenendo Da Qing walionyesha kwamba si lazima ije. Nikapendekeza "ukingo wa sukari". Ukingo ni wa mto, wa mfereji, wa kitanda. Mtu hutembea ukingoni miaka mingi, akaanguka au asianguke, na hurudi nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Walioniagiza waliona ni neno la kishairi mno, wakachapisha "kisukari cha awali".

Mwalimu wa Uru nilimsomea yote matatu. Alichagua la ukingo bila ya kusita, akaeleza kwamba baba yake alikuwa mmoja wa waliotunza mfereji wa ukoo wao, na kwamba kazi yote ya mfereji ni ukingo; maji yenyewe hayana shida. Kisha akafunga daftari. Vijikaratasi ni ghali, na pensheni ni ileile, kwa hiyo hupima siku za Jumatatu tu, na siku atakayopika kitu kipya. Kikopo kizima hukiweka kando hadi Disemba, wanawe wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kreti za soda.